Usonji na Sahani ya Chakula

Watu wengi wenye usonji huchagua sana chakula, wengine mpaka utu uzima, na kuchagua huko si deko. Leo Kanner, daktari aliyeueleza usonji nchini Marekani mwaka 1943, alitaja watoto 6 kati ya 11 aliowachunguza kuwa na shida kubwa ya kula tangu uchanga. Ulimi na pua za wenye usonji huweza kuhisi kupita kiasi, hata harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikawakimbiza mezani.

Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, chakula cha nyumba nyingi za Nakuru, Njoro na Molo nchini Kenya, ni mtihani kwa mtoto wa namna hii: punje ngumu, haragwe laini na ganda linalobaki mdomoni, vyote katika kijiko kimoja. Mahindi na maharagwe yale yale yakipondwa pamoja na viazi kuwa mukimo, huenda akayala. Mwingine hula ugali mtupu, na sukuma wiki ikiugusa anasukuma sahani yote.

Hapo unga ndio wenye kuamua mengi. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe vitamini, chuma na zinki. Unaosagwa kwenye kinu cha mtaani kwa kawaida hauongezwi. Unga wa wimbi, wenye kalisiamu nyingi, huchanganywa humo kijiko kimoja kimoja kwa siku kadhaa ili rangi isimshtue mtoto. Chai isubiri mlo uishe, maana majani yake huzuia mwili kufyonza chuma. Mtoto anayetafuna udongo au odowa, yale mawe laini ya kutafuna, apimwe damu kuona kama chuma kimepungua.

Katika eneo la Nakuru, lenye ng'ombe wa maziwa na mashamba ya ngano, ushauri wa kuondoa maziwa na ngano ili kutuliza usonji ni wa gharama, na utafiti haujathibitisha faida yake. Anayekula vyakula vitano tu akinyimwa maziwa hubaki na nini? Hospitali ikithibitisha mzio, hilo ni jambo jingine.

Chakula kipya huwekwa kidogo kando ya kile kinachopendwa, bila kulazimisha, pengine mara kumi na zaidi kabla ya kuonjwa. Kufunga choo, kero ya wengi, hupungua kwa maji, papai na maharagwe. Risperidoni, dawa ambayo baadhi ya wenye usonji huandikiwa, huongeza hamu ya kula, hivyo uzito hufuatiliwa. Mtoto akikonda, fizi zikitoka damu au miguu ikianza kupinda, ni wakati wa kumwona mtaalamu wa lishe hospitalini.