Nipatie Bluetooth

Vuta jiwe ukae, hii story ni ya kwetu.

Jumamosi, baze imejaa, spika ni moja. Hapo ndio vita huanzia. Morio flani akaconnect, Lamba Lolo ikadondoka. Ethic, machali wa Umoja, 2018. Buda, kitaa ilisimama! Saa hiyo hiyo nikajipata nyuma ya mathree tena, uniform, shati nje, konkodi ananing'inia mlangoni, windo zinatetemeka na bass. Hakuna ngoma itawahi nirudisha pale ka hiyo.

Bro wangu mkubwa akasonya. "Hizi ni kelele. Nipatie Bluetooth." Akaweka E-Sir.

Na hapa niongee ukweli: kwa E-Sir sibishaningi. Msee wa South C, mbogi ya Ogopa, Kiswahili na Sheng zinamtoka ka maji. Akatuacha Machi 2003, ajali ya barabara, miaka 21. Ishirini na moja! Na wewe kwa hiyo age bado unaitisha mathe fare. Ngoma ikiingia bro hunyamaza, na mi simguzi.

Lakini asinishow eti ngoma za kitambo ndio zilikuwa na heshima. Nonini akiingia kwa redio si wazae walikuwa wanaizima?

Saa ndio mzae wa gate akapita. "Mziki ni Franco. Skizeni Mario mjifunze tabia." Tabia! Manze, Mario ya 1985 ni story ya kijana anawekwa na mumama. Ben 10, bana! Juu imeimbwa Lingala, mzae anadhani ni wimbo wa kanisa. Tulicheka mpaka akasahau kenye alikuwa anaenda kununua.

Aibu ndogo ndogo ikamshika jirani. Anaringa na drill ya London, earphones za ngiri nne shingoni, katikati ya verse bundles zikakata. Bundles za mbao. Msee, panga bajeti.

Na hizo throwback za Westi? Gate thao, soda mia tatu, ndio uskie ngoma zenye mathree ilikuchezea free. Mi siendi. Beba spika, kuja baze.

Enyewe hii kesi imemalizwa na watoi wa Arbantone. Wanachukua beat za enzi ya bro, wanapiga mistari ya sai juu yake, mtoi wa grade six anadance ka amezaliwa nayo. Bro anaita wizi. Juzi nikamcheki kwa keja anaosha vyombo, Arbantone iko juu, kichwa inaenda, kila drop anaijua kabla ifike. Hiyo si wizi. Hiyo ni ngoma imerudi mtaani kutafuta wenyewe.

Jumamosi saa kumi, baze. Kuja na ngoma tatu zenye utatetea mpaka giza iingie. Bluetooth naanza nayo mimi.