Fahamu: Umeme wa maji ya Kilimanjaro unastahili sifa lini?
Kusini mwa Moshi, mito ya Kikuletwa na Ruvu huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 8, na maji yakitoka hapo huteremka Mto Pangani hadi vituo vya Hale na Pangani, mkoani Tanga. Bwawa hilohilo ni riziki ya wavuvi. Mengi ya maji hayo huanzia msitu wa Kilimanjaro, ulioingizwa katika hifadhi ya taifa mwaka 2005, na sehemu yake hupita kwanza kwenye mifongo, yaani mifereji ya jadi ya Wachagga.

Kwa miradi ya umeme wa maji, sheria ya mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari. Ile ya rasilimali za maji ya 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuweka mto hai, umeme unafuata. Kwangu, mpangilio huo ndio kipimo hasa cha kustahili sifa. Cheti cha tathmini ya mazingira ni mwanzo tu. Nenda chini ya mtambo wakati wa kiangazi uone kama mto bado unatiririka, na wenye mashamba kama bado wanapata zamu zao za maji. Vibali vya maji hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao hapohapo Moshi. Uliza kila mradi umeruhusiwa kuchukua kiasi gani.