Dhamiri ya mtoto wa Mpapura: ya baba au ya mjomba?

Mwaka 1923 Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliigawa nafsi ya mtu sehemu tatu. Idi ni hamu tunayozaliwa nayo, isiyojua kesho wala aibu. Ego huipatanisha hamu hiyo na hali halisi. Supaego ndiyo dhamiri, inayokataza na kusuta. Hizi si viungo vya mwili, wala hakuna picha ya ubongo itakayoonyesha supaego imekaa wapi. Ni njia ya kueleza mvutano ulio ndani ya mtu, na kwa kazi hiyo zingali na faida. Taabu inaanzia pale Freud alipodai kujua dhamiri inakotoka. Kwake, mvulana humwonea baba wivu kwa ajili ya mama, humwogopa, kisha makatazo ya baba huhamia ndani yake.

Huko Mpapura, mkoani Mtwara, kama kwingineko mkoani humo waliko Wamakonde na Wamakua, dai hilo halikai sawa. Kwa desturi, ukoo huko hufuata upande wa mama, na mwenye kauli kubwa juu ya mtoto ni mjomba. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alikuta mpangilio kama huo katika visiwa vya Trobriand, Bahari ya Pasifiki, na mwaka 1927 akaandika kwamba huko chuki ya mvulana humwelekea mjomba, si baba. Ernest Jones, mfuasi wa Freud, alikwisha kumjibu: mjomba ni kinga tu, mlengwa halisi ni baba. Jibu hilo haliwezi kushindwa kamwe, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Akiogopwa baba, Freud yuko sahihi. Akiogopwa mjomba, bado yuko sahihi. Hoja ya mwanaanthropolojia Melford Spiro, aliyemtetea Freud mwaka 1982, ina uzito zaidi: mtoto mdogo huishi na baba, si na mjomba. Ni kweli, lakini dhamiri haikamiliki utotoni. Jando na unyago huja baadaye, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu.

Atakayesema mambo yamebadilika hakosei: wengi wa pwani hii ni Waislamu, na mirathi ya Kiislamu humpa mtoto haki kwa baba yake. Ndiyo maana mjomba naye asiwekwe mahali pa baba kwa kukariri tu. Mshauri wa afya ya akili aulize kwanza: nani alikuwa na kauli nyumbani kwenu?