Kitambaa Hurudi Wapi? Maji Kabla ya Mkasi

Fundi cherehani hukabidhiwa melimeli ya gauni la arusi. Hupima, hukata, hushona, na siku ya kujaribu gauni humkaa mwenyewe barabara. Baada ya kufuliwa mara ya kwanza mikono imepanda juu ya vifundo, kifua kinabana, na bitana imejikunyata ndani. Fundi hushutumiwa kuwa ameiba kitambaa, naye humlaumu mwenye duka. Aghalabu hakuna mwizi. Kitambaa kimerudi.

Neno hilo la mafundi, “kurudi”, ni sahihi kuliko wengi wadhanivyo. Kitambaa kinapofumwa, nyuzi za mtande, yaani zile za urefu, hukazwa sana mtamboni ili nyuzi za mshindio zipite katikati yake. Baadaye kitambaa huvutwa tena kinapotiwa rangi, kinapokaushwa na kinapozungushwa kuwa jora. Kwa hiyo kile kinachouzwa kwa mita dukani ni kitu kilichonyoshwa, nacho hushikiliwa katika hali hiyo na msuguano wa nyuzi pamoja na vifungo vya haidrojeni baina ya molekuli za selulosi. Maji huingia kati ya molekuli hizo, huvilegeza vifungo, na nyuzi hurudi kwenye hali ya utulivu zilikotolewa kwa nguvu.

Lakini kuna jambo la pili. Unyuzi wa pamba ukilowa hunenepa sana, hali urefu wake haubadiliki ila kidogo mno. Yawezaje basi kitambaa kufupika ikiwa unyuzi wenyewe haufupiki? Mwalimu anaweza kulionyesha hili darasani kwa kamba na penseli. Kamba ipitishwe juu ya penseli moja na chini ya inayofuata, kisha penseli ziondolewe na vijiti vinene viwekwe mahali pake. Kamba ni ile ile, lakini sasa ina vilima virefu zaidi vya kupanda na kushuka, na ncha zake hukaribiana. Ndivyo ufanyavyo uzi wa mtande unapouzunguka mshindio ulionenepa. Kwa kawaida kitambaa cha pamba hurudi zaidi kwa urefu kuliko kwa upana, kwa kuwa mtande ndio uliokazwa zaidi.

Kiasi chake si kidogo. Gauni la sentimeta 140 likirudi kwa asilimia 5 hupoteza sentimeta 7. Mmarekani Sanford Cluett alipata hataza mwaka 1930 kwa njia ya kukisukuma kitambaa kirudi kiwandani kabla ya kuuzwa, lakini si kila jora hupitishwa katika njia hiyo. Hatari huzidi pale nguo na bitana zinapokuwa za asili mbili. Poliesta hainywi maji ila kidogo sana. Ikishonwa pamoja na bitana ya pamba ambayo haijaloweshwa, kimoja kitarudi na kingine kitabaki, na mshono utajikunja bila pasi kuweza kuunyosha.

Kwa hiyo kitambaa chepesi hakina budi kutambuliwa kwanza. Nyuzi mbili tatu zichomolewe pembeni, zishikwe kwa koleo na kuchomwa mbali na kitambaa chenyewe. Pamba na rayoni hunuka karatasi iunguayo na kuacha jivu laini. Hariri, kwa kuwa ni protini, hunuka nywele. Nailoni na poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Tofauti hiyo ndiyo huamua namna ya kulowesha. Pamba ikilowa huongezeka nguvu, hivyo hustahimili maji ya moto na sabuni. Rayoni nayo ni selulosi kama pamba, lakini molekuli zake ni fupi na hazikupangika vizuri. Ikilowa hubaki na takriban nusu ya nguvu zake. Kuikamua kwa kuisokota ni kuichana. Na ibanwe ndani ya taulo, kisha ianikwe ikiwa imelazwa. Ama hariri, adui yake ni sabuni kali yenye alikali, ambayo huvunja protini. Maji ya vuguvugu na sabuni laini huitosha. Hariri ya krepu, ambayo nyuzi zake zimesokotwa mno, huweza kurudi kupita kiasi, na ni afadhali kujaribu kipande kidogo kwanza.

Jaribio hilo linafaa pia kuwa zoezi la wanafunzi. Mraba wa sentimeta 50 hutiwa alama kwa uzi wa rangi, kitambaa hufuliwa kama nguo itakavyofuliwa, kikakauka, kikapigwa pasi bila kuvutwa, kisha mraba hupimwa tena pande zote mbili. Pembeni, tone la iodini lidondoshwe kabla na baada ya kufua. Rangi ya buluu iliyokoza ikitokea mara ya kwanza na isitokee mara ya pili, mnunuzi atajua kuwa sehemu ya ule “uzito” alioupenda dukani ilikuwa wanga.

Wanga huo, hata hivyo, una manufaa yake. Melimeli au shashi iliyokwisha kurudi huwa laini mno, na huteleza chini ya mkasi. Mafundi wenye uzoefu huichovya katika uji mwepesi sana wa wanga wa muhogo, wakainyosha ikiwa bado na unyevu huku wakiangalia kuwa mtande na mshindio vinakutana kwa pembe mraba. Hapo uzi mmoja wa mshindio huchomolewa kutoka ukingo hadi ukingo, na mkasi hufuata njia uliyoiacha.