Akiba ya Lugha Isiwekwe Ghala Moja

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Hata hivyo, wakazi wa Garsen wanajua kuwa huweza kuzama: mafuriko ya Mto Tana ya 2018 na 2023 yaliwahamisha maelfu ya watu.

Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ilikuwa na maskani mamoja. Wakoloni walipoitwaa, ikaishia katika ghala la Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Lakini bembelezi ya Kipokomo, iliyozaa lahani ya wimbo wetu wa taifa mwaka 1963, ilisalimika kwa kuwa ilihifadhiwa vinywani mwa akina mama wengi.

Kwa hivyo, nawashauri wanaojitolea kurekodi Kipokomo na Kiorma wagawane nakala katika kompyuta zao za Garsen, Hola na Malindi. Hata hivyo, ushirika bila kanuni huzaa ugomvi. Kila mmoja awahifadhie wenzake kiasi kile anachohifadhiwa. Simulizi za faragha zifungwe, na mhifadhi asizifungue wala kuziuza. Anayejitoa atoe taarifa mapema ili alichohifadhi kihamishwe. Msimulizi abaki kuwa mwenye mali.

Tusingoje mafuriko mengine ndipo tuanze kutafuta nakala.