Pikipiki ya Umeme: Tununue au Tuchukue kwa Mkataba?

Kijana anamwambia baba yake, "Baba, tuuze ng'ombe wawili, ninunue pikipiki ya umeme. Hii haili petroli." Mwenzake anasema ng'ombe wasiuzwe, pikipiki hupatikana kwa mkataba: unalipa hesabu kila siku mpaka inakuwa yako. Sasa mzazi amsikilize nani?

Ndugu wasomaji, tulitazame jambo hili polepole. Ng'ombe akishauzwa mnadani harudi.

Vyombo vya umeme si vigeni kabisa kwetu. Katika Hifadhi ya Serengeti gari la watalii la umeme lilianza kutembea mwaka 2018. Lakini gari ni ghali. Chombo kinachotukaribia sisi wa vijijini ni pikipiki.

Pikipiki hii haina injini ya kuchoma mafuta. Ina mota inayozungushwa na umeme wa betri. Haitaki oili ya injini wala plagi. Mali kubwa ndani yake ni betri, na betri huzeeka. Mwaka hadi mwaka nguvu zake hupungua, na kilomita zinapungua pia. Basi aliyenunua pikipiki na betri yake amenunua vitu viwili, na kimoja kitakufa mapema.

Wenzetu wa Rwanda wameliona hilo. Mjini Kigali kampuni ya Ampersand ilianza kazi hii mwaka 2019. Dereva anamiliki pikipiki, lakini betri ni ya kampuni. Ikiisha anakwenda kituoni, anatoa tupu, anawekewa iliyojaa, kama sisi tunavyorudisha chupa tupu ya soda dukani. Betri ikizeeka, hasara si yake. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya ya abiria haiandikishwi Kigali kama si ya umeme.

Lakini Kigali vituo vipo. Wewe uliza: kituo kiko wapi? Kikiwa Mwanza na wewe uko Nyamwaga, betri ya kampuni itakusaidia nini? Pikipiki nyingi za namna hii hutembea kilomita 60 hadi 100 kwa betri moja, tena kwenye njia tambarare. Kutoka Tarime mpaka Mugumu ni kama kilomita 87. Weka abiria na gunia la mahindi, panda milima yetu, uone.

Haya, tupige hesabu. Tuseme boda anatumia lita 3 za petroli kwa siku, na lita ni shilingi 3,000. Hiyo ni 9,000. Akichaji nyumbani atumie uniti 4. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, kama shilingi 356 pamoja na kodi, ni shilingi 1,424 tu. Faida inaonekana.

Lakini angalieni hapa! Nyumba nyingi za vijijini ziko kwenye bei ya chini, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa sababu hazizidishi uniti 75 kwa mwezi. Uniti 4 kwa siku 26 ni 104. Umeshapita. Bei itapanda karibu mara tatu, hata kwa taa ya mama jikoni.

Sasa mkataba. Tuseme pikipiki ni shilingi 3,500,000 taslimu. Kwa mkataba unalipa 10,000 kwa siku, siku 26 kila mwezi, miezi 18. Jumla ni 4,680,000. Umezidisha 1,180,000 kwa sababu hukuwa na fedha mkononi. Si wizi, ndiyo bei ya kukopeshwa. Hatari iko kwingine. Mvua ikinyesha wiki nzima na barabara ikawa tope, hesabu inadaiwa. Ukiugua, inadaiwa. Ni kama maksai wa kukodi: hulima shamba la mwenyewe kwanza, lako baadaye, na malipo yako palepale.

Sisi tunaona hivi. Kama kituo cha betri kiko karibu, betri ibaki ya kampuni, wewe ulipie pikipiki tu. Kama hakuna kituo, lakini nyumbani kuna umeme na safari zako ni za hapahapa, kununua ni afadhali, ila dhamana ya betri iwe kwa maandishi na fundi awe karibu. Kama hakuna kituo wala umeme wa kutegemea, ng'ombe wabaki zizini kwa sasa.

Na anayechukua mkataba asisaini kabla ya kuusoma mwenyewe. Kusoma tunajua. Atafute maneno haya: kadi ya pikipiki ina jina la nani, betri ikifa kabla ya miezi 18 nani analipa, na akishindwa mwezi wa 16, je, pikipiki inachukuliwa na fedha zote alizokwisha kulipa zinapotea?