Kijiti Kibovu cha Kompyuta Nusura Kimtie Koplo Hatiani

Kila mpiganaji, awe wa jeshi au wa polisi, alifundishwa tangu siku zake za ukuruta kwamba bunduki inapokwama, askari hapigi kelele wala hamlaumu jirani yake. Hutazama chemba, hutazama magazini, na ikibidi hubadilisha magazini ili ajue kama ubovu umo ndani ya magazini au ndani ya bunduki yenyewe. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi mwendo huo huo, ulipotumiwa juu ya kompyuta, ulivyomwokoa koplo mmoja karani katika ofisi fulani ya hapa mjini Kampala, ambayo kwa sababu zilizo wazi hatutaitaja.

Koplo huyo alikuwa na kazi ya kupiga chapa orodha ya askari waliostahili posho ya safari, pamoja na nambari za akaunti zao za benki. Orodha ilikaguliwa, ikahifadhiwa katika kompyuta, na baadaye ikafunguliwa tena ili ipelekwe benki. Haikupita wiki, benki ikarudisha malipo ya askari kadhaa kwa kuwa nambari hazikulingana na majina. Tulipoilinganisha orodha ile na nakala iliyotiwa sahihi, tulikuta tarakimu moja hapa na nyingine pale zimebadilika. Palipokuwa na 1 pamekuwa na 5. Palipokuwa na 0 pamekuwa na 4. Mtu akiona mabadiliko ya namna hiyo katika orodha ya fedha huwaza jambo moja tu, nasi hatukuwa tofauti. Koplo akaitwa. "Afande, mimi sikugusa hata nambari moja," alisema, na twakiri kwamba siku ile hakuna aliyemwamini. Jalada la nidhamu likafunguliwa.

Aliyetutoa gizani ni sajini mmoja wa mawasiliano, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Aliomba orodha zote mbili, akaketi na penseli, na baada ya saa moja akatuonyesha mambo matatu. Kwanza, kila tarakimu iliyobadilika ilikuwa imeongezeka 4 kamili, si 3 wala 5. Pili, hakuna 5, 6 wala 7 hata moja iliyoguswa. Tatu, mahali fulani 8 ilikuwa imetoweka, na badala yake pamekaa alama ya "<", ile ya hesabu yenye maana ya "ndogo kuliko". "Afande," aliuliza, "ni mwizi gani atakayeandika alama hii katika nambari ya benki?"

Hapana budi tueleze kidogo. Ndani ya kompyuta mna vijiti vya kumbukumbu ambavyo mafundi wa mjini huviita ramu. Hivi si vile vijiti vya flashi tunavyobeba mfukoni. Ni vibao vyembamba vilivyochomekwa katika ubao mkuu, na kila kazi inayofanyika sasa hivi huwekwa humo kwa muda. Namna yake ilibuniwa mwaka 1966 na Robert Dennard wa kampuni ya IBM nchini Marekani. Kila chembe ya kijiti huhifadhi umeme kidogo mno: ukiwapo ni 1, usipokuwapo ni 0. Umeme huo huvuja, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuujaza upya zaidi ya mara 15 katika kila sekunde. Kijiti cha gigabaiti 4 kina chembe zaidi ya bilioni 34. Chembe chache tu zikikwama katika 1, zisiweze tena kushika 0, maandishi yanayopita hapo yataharibika pasipo mtu kuyagusa.

Sasa, kompyuta huandika tarakimu kwa mafungu ya 0 na 1, na katika mafungu hayo 1 hutofautiana na 5 kwa chembe moja tu, ile yenye thamani ya 4. Ndivyo ilivyo kati ya 0 na 4, na kati ya 8 na hiyo alama "<". Tarakimu 5, 6 na 7 tayari zina 1 katika nafasi hiyo, hivyo haziwezi kudhurika. Sajini alikuwa amekwisha kumtambua mhalifu. Lililobaki lilikuwa ushahidi.

Wasomaji wetu wa polisi watafurahia sehemu hii. Kompyuta ilikuwa na vijiti viwili, naye akaviandika A na B kwa penseli. Aliizima mashine, akachomoa waya wa umeme, kisha akagusa chuma cha sanduku ili umeme tuli wa mwili wake usiviunguze. Alitumia programu ya bure iitwayo Memtest86+, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi kabla mfumo wa kawaida wa kompyuta haujaamka. Maana mfumo ukishaamka hukalia sehemu ya kumbukumbu, na sehemu iliyokaliwa haiwezi kukaguliwa vema. Kazi ya programu hiyo yafanana na gwaride la ukaguzi: huandika 0 katika kila chembe, hurudi kusoma, huandika 1, hurudi tena, halafu hubadilisha mipangilio ili kunasa chembe zinazosumbuliwa na jirani zao.

Vijiti vyote viwili vilipokuwa pamoja, makosa yalionekana. Akakitoa B, akaiacha A peke yake usiku kucha, kwa kuwa ubovu mwingine hujificha mpaka mashine ipate joto. Asubuhi hapakuwa na kosa hata moja. Akakiweka B katika tundu lile lile alimokuwa A: dakika chache tu, mistari ya makosa ikaanza kushuka. Wengi wangeishia hapo. Yeye alikihamishia B katika tundu la pili, makosa yakakifuata. Akamweka A katika tundu hilo, makosa yakatoweka. Kwa hiyo tundu halikuwa na hatia. Na katika safu inayoonyesha tofauti kati ya kilichoandikwa na kilichosomwa, kila mstari ulisema vile vile: sifuri saba, kisha 4.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Kampala peke yake, kwa ajili ya vumbi na kukatika kwa umeme. Katika uchaguzi wa Ubelgiji wa mwezi Mei 2003, huko Schaerbeek, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko alizoweza kupata kwa mujibu wa kanuni. Hesabu hiyo ni thamani kamili ya chembe moja iliyogeuka, na wataalamu hawakupata maelezo mengine yenye nguvu kuliko hayo. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Google na Chuo Kikuu cha Toronto walitangaza kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti katika mashine walizozichunguza vilionyesha makosa katika mwaka mmoja. Ndiyo sababu mashine kubwa za kuhifadhi kumbukumbu hupewa vijiti vyenye chembe za ziada, 72 badala ya 64, ambavyo husahihisha kosa moja na kugundua mawili. Kompyuta nyingi za mezani hazina ulinzi huo.

Fundi wa mjini tuliyemwendea hapo awali alikuwa ametushauri tununue mashine nzima mpya. Hatumlaumu sana, ingawa ushauri huo ungetugharimu fedha na, lililo baya zaidi, ungeondoa kielelezo. Tulinunua kijiti kimoja tu, na sajini alikataa kuondoka dukani kabla ya kukijaribu mbele ya muuzaji, jambo lililomuudhi muuzaji huyo na kutuchelewesha chakula cha mchana.

Posho za askari zililipwa. Koplo alirudi mezani pake, na ofisa aliyefungua jalada alimwomba radhi mbele ya wenzake. Kijiti B kilitiwa katika bahasha pamoja na picha za kioo cha kompyuta, bahasha ikapewa nambari na kufungwa ndani ya jalada lile lile la nidhamu, nalo likaandikwa kwa wino mwekundu kwamba limefungwa.